ASKARI AKAGUE MENO YAKE KAMA AKAGUAVYO BUNDUKI

Kila askari, awe mwanajeshi au polisi, hufundishwa tangu siku zake za ukuruta kwamba silaha isiyotunzwa ni adui wa mwenyewe. Mtutu huondolewa masizi, chemba hufutwa, mafuta hupakwa kwa kiasi chake, kisha mkaguzi hupita mstari kwa mstari akitafuta kutu. Hakuna afande angojaye bunduki ikwame mbele ya adui ndipo aulize habari za kusafishwa kwake. Lakini askari huyo huyo ambaye bunduki yake yang'aa, huenda akawa na gego lililotoboka kwa muda wa miaka miwili bila mtu yeyote kulitazama, wala yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuizungumza leo pamoja na wasomaji wetu wa kambini na wa vituoni, wao na jamaa zao.

Huenda baadhi ya wasomaji wakacheka na kuuliza: je, hakuna mambo makubwa zaidi ya kuandikiwa askari kuliko mswaki? Hatuwalaumu, maana sisi nasi tulicheka hivyo zamani. Tuliacha kucheka tulipokuwa katika chuo cha makadeti, na sababu yake ni hii ifuatayo.

JINO LILILOMWANGUSHA KADETI HODARI

Katika pulutuni yetu alikuwamo kijana mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyetushinda sote katika mbio, katika shabaha na katika kusoma ramani. Walimu walikuwa wamekwisha kumweka machoni kuwa huenda akapewa fimbo ya heshima siku ya gwaride la kufuzu. Zilipobaki wiki sita, gego lake la chini lilianza kumwuma. Akanunua vidonge vya maumivu dukani, akanyamaza. Alijua kwamba kadeti akilazwa hospitalini kwa siku nyingi huondolewa katika kundi lake, akangoja kundi lijalo. Akatusihi tusimwambie sajini.

Nasi, tuliokuwa tukilala kitanda cha jirani yake, tukanyamaza tukidhani kwamba huo ndio urafiki. Tulimbebea mzigo wake alipokuwa na homa, tukampa uji wetu aliposhindwa kutafuna posho. Baada ya siku kadhaa maumivu yakatulia, tukafurahi sote. Kumbe jino lilikuwa limekufa ndani, na usaha ulikuwa ukitafuta njia chini ya mizizi yake.

Wiki mbili baadaye, tukiwa katika zoezi la usiku porini, uvimbe ulitokea chini ya kidevu chake, mgumu kama ubao. Alipoulizwa neno la siri alijibu kwa sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Mate yakawa yakimtoka kwa kuwa hakuweza kuyameza. Ulimi wake ulikuwa umesukumwa juu, naye alikaa ameinama mbele ili apate pumzi. Hapo ndipo tulipokimbia kumwita mkufunzi. Daktari aliyempasua usiku ule alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: kama mngengoja kupambazuke, mngeniletea maiti.

Ugonjwa huo waitwa kwa jina la Wilhelm Friedrich von Ludwig, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836. Mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lililooza. Sumu yake huenea chini ya ulimi na shingoni, na huua kwa kuziba njia ya hewa.

Rafiki yetu aliokoka. Fimbo ya heshima alipewa mwingine, naye akafuzu na kundi lililotufuata. Sisi tulipandishwa cheo kabla yake, na kila tukutanapo hutupigia saluti. Kila ainuapo mkono, macho yetu huangukia kovu lililo chini ya kidevu chake, na twajua kwamba kwa haki sisi ndio tungempigia saluti yeye. Siku moja alituambia bila uchungu: "Ningalikwenda siku ile ya kwanza, wangaliliziba kwa nusu saa." Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Sisi twaongeza kwamba yule amsaidiaye kuficha ana sehemu yake katika hesabu.

MAJESHI YALIYOJIFUNZA KWA UCHUNGU

Jambo hili si la chuo kimoja wala la nchi moja. Historia ya vita imejaa ushahidi kwamba jeshi lisilotunza meno hupoteza watu kabla risasi haijalia.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, askari wa miguu alikuwa akipasua risasi ya karatasi kwa meno kabla ya kuitia baruti yake katika mtutu. Mtu asiye na meno ya mbele hakuweza kujaza bunduki yake upesi. Wakati huo jino lilikuwa sehemu ya silaha kwa maana iliyo wazi kabisa.

Uingereza ilipopeleka majeshi yake Afrika Kusini mwaka 1899 kupigana na Makaburu, hayakuwa na kikosi cha madaktari wa meno. Askari walipewa nyama ngumu na biskuti ngumu, na wengi wao walikuwa na vinywa vilivyooza. Maelfu walilazwa hospitalini kwa sababu ya meno, na wengi walirudishwa kwao bila kuguswa na adui. Daktari mmoja wa meno kutoka London, Frederick Newland-Pedley, alisafiri mwaka 1900 kwa gharama yake mwenyewe kwenda kuwahudumia.

Somo hilo halikushika upesi. Mwaka 1914, katika mapigano ya Aisne kule Ufaransa, Jenerali Douglas Haig, aliyekuwa akiongoza maelfu ya askari, alishikwa na maumivu makali ya jino. Katika jeshi lote la Waingereza lililokuwa Ufaransa hapakuwa na daktari wa meno hata mmoja, ikabidi aletwe mmoja kutoka Paris. Kabla mwaka huo haujakwisha madaktari wa meno walikuwa wamekwisha kupewa vyeo na kupelekwa vitani. Mwezi Januari 1921 kikaundwa kikosi kamili cha meno katika jeshi hilo. Wamarekani walikuwa wametangulia kuunda chao mwaka 1911, na Wakanada mwaka 1915. Yafaa tujiulize: askari wa kawaida wangapi walikuwa wamelia usiku mahandakini kabla jino la jenerali halijauma?

Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipoanza kuwaita vijana jeshini, ilitaka kila mmoja awe na angalau meno 12 mazuri yanayokutana, sita ya mbele na sita ya kutafunia. Hata kwa kipimo hicho kidogo, kasoro za meno zikawa sababu ya kwanza ya vijana kukataliwa mwanzoni, na serikali ikalazimika kulegeza sharti lake mwaka 1942. Taifa tajiri liligundua kwamba vijana wake walikuwa na mikono yenye nguvu na vinywa vilivyobomoka.

ADUI HUYU HUSHAMBULIAJE?

Askari hawezi kumshinda adui asiyemfahamu. Mtu mzima ana meno 32, na gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwake, kigumu kuliko mfupa. Hata hivyo gamba hilo lina udhaifu mmoja: huyeyushwa na asidi.

Katika vinywa vyetu sote huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hujikusanya juu ya meno na kufanya utando unaonata, ambao ukiachwa hugeuka kuwa ukoga mgumu. Tunapokula sukari, au chakula cha wanga kinachobaki katikati ya meno, vijidudu hivyo hula pamoja nasi na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha gamba la jino kidogo kidogo. Mate yetu ndiyo mlinzi: huisafisha asidi ile na kulirudishia jino madini yake. Lakini mlinzi huyo ahitaji nafasi. Mtu akinywa chai yenye sukari nyingi asubuhi, akanywa soda saa nne, akatafuna peremende lindoni na muwa jioni, mlinzi wake hapati saa ya kupumzika hata moja, na adui huingia.

Kwa sababu gamba la nje halina mishipa ya fahamu, mtu hasikii lolote katika hatua za mwanzo. Hii ndiyo hila kubwa ya adui huyu. Maumivu huanza pale shimo linapokaribia kiini cha jino, na wakati huo kazi ambayo ingalifanywa kwa muda mfupi imekwisha kuwa ndefu na ya gharama, au jino halina budi kung'olewa. Maumivu, basi, si kengele ya mwanzo ya hatari. Ni habari kwamba ngome imekwisha kuingiliwa.

Adui wa pili ni ugonjwa wa fizi. Ufizi wenye afya hautoi damu kwa kupigwa mswaki. Ukitoa damu, mtu asiache kupiga mswaki, kama wengi wafanyavyo, bali ajue kwamba utando umekaa pale kwa muda mrefu. Ukiachwa, fizi hujitenga na meno, mfupa unaoyashikilia huliwa polepole, na meno mazima yasiyo na tundu hata moja hulegea na kuanguka. Tumbaku huharakisha jambo hilo, tena hulificha, kwa kuwa fizi za mvutaji hutoa damu kidogo kuliko zilivyo taabani. Wenye ugonjwa wa kisukari nao wajihadhari zaidi, maana ugonjwa huo na ule wa fizi huchocheana. Katika Vita Kuu ya Kwanza fizi za askari wengi ziliwaka na kuoza mahandakini kwa uchafu, uchovu na sigara, hata ugonjwa huo ukaitwa kinywa cha handaki.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana magonjwa ya kinywa. Hivyo mtu asione haya kwamba ana jino bovu. Haya ni kulijua na kukaa kimya.

UKAGUZI WA KINYWA

Kukaguliwa meno si jambo la mtu mwenye maumivu. Ni jambo la mtu asiye na maumivu. Daktari aliye na kioo kidogo na taa aweza kuona doa ambalo mwenye jino hawezi kulisikia, akaliziba kabla halijawa shimo kubwa. Aweza kuondoa ukoga ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Hutazama pia ulimi, mashavu na koo. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki tatu, hasa kwa mvutaji na mnywaji wa pombe kali, huweza kuwa mwanzo wa saratani, na saratani ikionekana mapema hutibika vizuri zaidi.

Wengi wamezoea kusikia kwamba mtu akaguliwe kila miezi sita. Hiyo ni desturi njema, ingawa wataalamu wa siku hizi hupanga muda kwa hali ya kila mtu. Mwenye meno na fizi nzuri huweza kukaa mwaka mmoja au hata miwili, na mwenye matatizo hurudi baada ya miezi mitatu. Jambo lisilobadilika ni kwamba daktari ndiye apangaye muda huo baada ya kukutazama, wala si wewe kwa kubahatisha.

Majeshi ya Marekani na mengine kadhaa huwagawa askari wao katika makundi manne. Kundi la kwanza ni wale wasiohitaji matibabu yoyote. La pili ni wenye kasoro ndogo ambazo hazitazamiwi kuleta dharura katika miezi 12 ijayo. La tatu ni wale ambao wanatazamiwa kupata dharura katika muda huo. La nne ni wale ambao hali yao haijulikani, kwa kuwa hawajakaguliwa. Askari wa makundi mawili ya mwisho hahesabiwi kuwa tayari kwa safari ya vita hadi ashughulikiwe.

Tunawaomba wakuu wa vikosi waitafakari hesabu hiyo. Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipotia mguu Mogadishu, tumekuwa na vijana wengi wanaotumwa kufanya kazi mbali na nyumbani. Askari mwenye jino lililovimba mahali kama hapo hawezi kulala, hawezi kula, hawezi kusikiliza amri kwa makini wala kushika zamu. Atahitaji gari la kumsafirisha, wasindikizaji wa kumlinda njiani na mwenzake wa kushika nafasi yake. Jino moja lililopuuzwa hapa nyumbani huweza kuondoa watu sita katika lindo kule ng'ambo. Ni heri kila kikosi kihesabu makundi yake kabla ya kuondoka.

Wala mtu asiseme kwamba tiba hizi ni za mijini penye umeme. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam katika nchi jirani ya Tanzania, ilianzishwa njia ya kutibu jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono tu. Daktari hukwangua sehemu iliyooza, kisha hujaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa madini ya kulilinda. Haihitaji mashine wala umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya ambayo mwaka ule ilikuwa ya afya ya kinywa. Njia iliyozaliwa Afrika Mashariki yaweza kufanyiwa kazi chini ya mwembe katika kambi yoyote yetu.

KINGA YA KILA SIKU

Sasa tuje katika yale ambayo kila askari aweza kuyafanya bila kungoja amri.

Kwanza, apige mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, maana usiku mate hupungua na adui hufanya kazi kwa raha. Achukue dakika mbili kamili, akipita kila upande wa kila jino na pale jino lipakanapo na ufizi, kwa mkono mwepesi. Anayesugua kwa nguvu kama asuguaye buti huumiza fizi zake. Dawa ya meno iwe yenye floridi, kwa kuwa madini hayo huimarisha gamba la jino. Baada ya kupiga mswaki ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu hivi, au mapema zaidi ukichanua nywele zake. Wala wenzako wasiutumie; mswaki si sufuria ya pamoja.

Pili, aliye porini bila mswaki wa dukani asijione hana silaha. Kijiti cha mswaki ambacho wazee wetu walikitafuna hadi kikawa na nyuzi laini husafisha vizuri kikitumiwa kwa uangalifu, na Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri mwaka 1986 kwamba kitumiwe pale ambapo ni desturi. Mchanga na mkaa wa kusaga tuviache, maana hukwangua gamba lenyewe.

Tatu, sukari ipunguzwe, hasa idadi ya mara iliwapo kwa siku. Mwaka 2015 Shirika hilo lilishauri sukari inayoongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huweza kubeba gramu 30 au zaidi. Askari anayekunywa chupa tatu zamuni ili asisinzie ajue anacholipia.

Nne, meno si kifungulio cha chupa, wala si koleo la kukatia waya. Katika filamu tumeona mashujaa wakichomoa pini ya bomu la mkono kwa meno. Atakayejaribu hilo atabaki na bomu zima mkononi na jino lililovunjika kinywani. Nao wachezaji wetu wa ngumi na wa mpira wavae kinga ya meno.

Tano, mwenye maumivu asijitibu kwa mambo ya ajabu. Tumewaona askari waliotia petroli au maji ya betri katika tundu la jino, wakaunguza ulimi na shavu. Wengine huweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi, nacho huuchoma. Vidonge vya kuua vijidudu navyo, vikinywewa bila jino lenyewe kushughulikiwa, hutuliza uvimbe kwa muda na kuacha chanzo pale pale.

JINO LIKING'OKA GHAFLA

Polisi hupigwa mawe katika ghasia, na wanajeshi huanguka mazoezini. Jino la mtu mzima liking'oka zima kwa kishindo, lisitupwe. Lishikwe kwa upande wa juu unaotafunia, kamwe si kwa mzizi. Likiwa na uchafu lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusuguliwa, kisha lirudishwe katika tundu lake, na majeruhi aume kitambaa safi ili likae. Ikishindikana, litiwe katika maziwa, naye apelekwe kwa daktari upesi, ikiwezekana ndani ya saa moja. Meno mengi yameokolewa hivyo. Jino la utoto, lakini, lisirudishwe, maana laweza kuumiza lile linalokuja nyuma yake.

KUMBUKUMBU ZA MENO NA KAZI YA POLISI

Wako wasomaji wetu wa idara ya upelelezi wajuao faida nyingine ya ukaguzi. Kila daktari aandikapo hali ya meno ya mtu, huacha alama ambayo moto na maji havifuti kwa urahisi. Mwaka 1776, kule Boston, fundi wa fedha Paul Revere aliutambua mwili wa Joseph Warren, aliyeuawa katika mapigano ya mwaka uliotangulia, kwa jino la bandia alilokuwa amemtengenezea. Tarehe 4 Mei 1897 moto uliteketeza jumba la hisani mjini Paris na kuua watu 126. Dachesi wa Alençon, aliyekuwa miongoni mwao, alitambuliwa na daktari wake wa meno. Baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004, meno yalikuwa mojawapo ya njia kuu za kuwatambua waliokufa kule Thailand.

Hatusemi haya kwa kumtakia mtu mabaya. Lakini askari ni mtu ambaye huenda akaanguka mbali, na mama yake ana haki ya kujua kwamba mwili aliorudishiwa ndio wa mwanawe. Pasipo kumbukumbu, hakuna cha kulinganisha.

WATOTO WA KAMBINI

Haifai kuzungumza habari za askari tukawasahau walio nyumbani. Meno ya utoto ni 20, nayo hayafai kuachwa yaoze kwa kisingizio kwamba yataanguka. Jino la utoto lililooza huuma kama la mtu mzima na humnyima mtoto chakula na usingizi. Kupiga mswaki kuanze jino la kwanza linapotokeza, kwa dawa kidogo sana, na mzazi ndiye ashike mswaki huo.

Kuna jambo moja linalotuhuzunisha zaidi. Hapa Uganda wako wazazi waaminio kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga huletwa na ebiino, na kule Tanzania imani kama hiyo huitwa meno ya plastiki. Mtoto hupelekwa kwa mtu ambaye humpasua ufizi kwa njiti ya baiskeli au kisu na kutoa kitu cheupe laini, akamwonyesha mama kwamba huyo ndiye mdudu. Kitu hicho ni jino changa la chonge, alilopewa na Muumba wake. Watoto wamekufa kwa kutoka damu nyingi, kwa pepopunda na kwa sumu ya damu. Walionusurika huota meno ya ukubwani yaliyopinda au kukosa mengine. Homa na kuhara vina tiba yake katika zahanati. Askari atakayesikia kwamba mtoto wa jirani anapelekwa kwa watu hao, na awazuie wazazi kwa maneno ya upole, awasindikize hospitalini.

WAJIBU WETU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo twaisema kila siku juu ya nyumba, na juu ya jino ni kweli vile vile. Twawasihi makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo waingize ukaguzi wa kinywa katika ratiba zao, na askari aombaye ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno asidhaniwe kuwa mvivu akimbiaye kwata. Rafiki yetu wa chuoni alificha ugonjwa wake kwa kuogopa kupoteza nafasi. Kama angalijua kwamba atasikilizwa, angalisema. Kosa hilo halikuwa lake peke yake.

Na kwako wewe unayelala kitanda cha jirani, tuna neno moja la mwisho. Mwenzako akishika shavu usiku, akakuomba usimwambie mtu, usimtii. Mwamshe sajini. Huenda akakukasirikia kwa wiki moja, na huenda akakosa gwaride moja. Sisi tulimtii wetu, na hadi leo hatuwezi kulitazama kovu lake bila kuinamisha macho.